Akiba Inayooza na Akiba Isiyooza

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasimulia akiba iliyooza kwa usiku mmoja. Wana wa Israeli walikuwa jangwani, Mungu akawanyeshea mana, na kila mtu akaagizwa aokote pishi moja kwa kila kichwa hemani mwake, asibakize kitu mpaka asubuhi. Wapo waliobakiza. Kulipokucha chakula kilikuwa kimeingia mabuu na kinanuka, na Musa akawakasirikia.

Wanaopinga akiba kanisani huishia hapo. Wakisonga mbele mistari michache watakuta jambo la ajabu. Siku ya sita watu wale wale waliokota maradufu, wakaambiwa iliyosalia waiweke kwa ajili ya Sabato, na asubuhi yake chakula kilikuwa kizima, hakina funza wala harufu. Mana ilikuwa ile ile, hema lile lile, chungu kile kile. Kilichobadilika ni sababu ya kuweka. Wa kwanza waliweka kwa kuwa hawakumwamini Mungu wa kesho. Wa pili waliweka kwa kuwa Mungu huyo huyo aliwataka wapumzike, wao na watu wa nyumbani mwao.

Sura hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko sura nyingine za vitabu vya Musa, kwa sababu kazi niliyokabidhiwa na wenzangu ni kutunza fedha zao. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, msharika wa Kilutheri huku Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa mtaa wetu. Tunakutana baada ya ibada, mnada wa sadaka ukishakwisha, yaani yale mayai, ndizi na kuku walioletwa madhabahuni wakishapata wanunuzi. Nakaa na daftari langu, nahesabu noti mbele ya macho ya watu, na nasikia hoja zote za dunia kuhusu fedha na imani. Katika hoja hizo nimefikia neno moja ninalotaka kulisema. Mkristo asiulizwe kama anaweka akiba. Aulizwe anaweka kwa ajili ya nani, anaona inatosha lini, na ni nani mwingine anayejua anachoweka.

Tuanze na yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi, kwa sababu ndiye anayetajwa kwanza kila nikizungumzia habari hii. Hakuhukumiwa kwa kuwa na ghala. Msikilize anavyozungumza. Mazao yangu, ghala zangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anajipongeza mwenyewe. Katika maneno yake yote hamna mke wala mtoto, hamna kibarua aliyemvunia, hamna jirani. Na Yesu alitoa mfano huo baada ya mtu mmoja kumwomba amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Mali ilikuwa imeshakaa kati ya ndugu wawili. Akiba inayozungumza na mwenyewe tu ndiyo ile ya jangwani iliyoota mabuu.

Mweke kando yake Yusufu. Katika Mwanzo 41 anamshauri Farao atwae sehemu ya tano ya mazao katika miaka saba ya shibe, na nafaka hiyo anaiweka katika miji, kila mji ukipokea chakula cha mashamba yanayouzunguka. Mahali penyewe alipoiweka panatueleza nia yake. Aliiweka karibu na midomo itakayokula. Njaa ilipofika, ghala zilifunguliwa, na hata ndugu zake waliomuuza wakala. Huyu naye aliweka, tena aliweka nafaka nyingi hata akaacha kuihesabu, na Maandiko yanamsifu.

Lakini hadithi ya Yusufu ina sura ya pili inayohubiriwa mara chache, na mhazini yeyote wa kikundi anapaswa kuisoma. Katika Mwanzo 47 njaa inaendelea, watu wanatoa fedha zao zote kununua nafaka, kisha mifugo, kisha mashamba, na mwisho wanajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Ghala lililookoa uhai wao ndilo lililowanyang'anya ardhi. Basi haitoshi kusema tumeweka. Ni lazima tuulize pia, wakati wa shida, mlango wa ghala unafunguliwa kwa masharti gani.

Swali hilo tunalo mikononi. Kikundi kinachoweka ndicho kinachokopesha, na mkopo una riba. Torati katika Kutoka 22 inakataza kumtoza riba maskini wa jamaa yako. Nehemia, katika sura ya 5 ya kitabu chake, aliwagombeza wakuu na mashehe kwa kuwakopesha ndugu zao wakati wa njaa kwa rehani ya mashamba, mizabibu na nyumba, hata watu wakawatia watoto wao utumwani. Wapo wanaosema riba ya kikundi si kitu kwa sababu inarudi kwetu wenyewe siku ya mgao, mzunguko wa akiba ukiisha na kila mmoja akigawiwa kwa kadiri ya hisa alizonunua. Ni kweli inarudi, ila hairudi sawa. Mwenye hisa nyingi na mikopo michache huondoka na faida, na mwenye hisa chache aliyekopa mara nyingi kwa sababu ya shida ndiye aliyeilipia. Mama aliyekopa kununua mifuko ya chakula cha kuku anazalisha, anaweza kulipa riba na bado akabaki na kitu. Mama aliyekopa kumtibu mtoto hakuzalisha chochote. Kumtoza huyo ni kufanya biashara kwa homa ya mtoto wake.

Kwa hiyo katika kikundi chetu tulikubaliana kutenganisha. Mkopo wa biashara unatoka kwenye hisa na una riba. Ugonjwa, msiba na njaa vinashughulikiwa na mfuko wa jamii, ambao kila mmoja anauchangia kidogo kila tunapokutana, na fedha yake haina riba hata shilingi moja. Tena hatuweki rehani chombo cha kazi wala cha kupikia. Kumbukumbu la Torati 24 linakataza kushika rehani jiwe la kusagia, kwa maana ni kushika uhai wa mtu, na linaagiza vazi la maskini lirudishwe kabla jua halijatua ili apate cha kujifunika. Aliyeandika hayo alijua vizuri jinsi mkopo unavyoingia nyumbani mwa mtu.

Na sisi tunajua. Mikopo ya kausha damu imetapakaa mijini na vijijini. Unapewa fedha siku hiyo hiyo, huulizwi maswali mengi, unaandika orodha ya vitu vya ndani, kisha marejesho yanaanza, ya kila wiki au hata ya kila siku. Ukichelewa wanakuja na gari kuchukua jiko la gesi, cherehani, makochi. Nimewaona wanawake wakiiacha njia yao ya kawaida kwenda sokoni wasikutane na anayewadai. Wengi wao hawakukopa kwa sababu ya anasa. Walikopa shilingi laki moja au mbili, kiasi ambacho familia nyingi zenye ng'ombe mmoja na migomba ya kuuza zingeweza kukiweka taratibu kama zingekuwa na mahali, siku na watu wa kuweka nao.

Hapo ndipo vijana hunijia na Mathayo 6. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, aliniamkia barabarani, tukazungumza, akaniambia, "Mwalimu, Yesu si alisema tusisumbukie ya kesho?" Swali lake ni la haki na lastahili jibu la heshima. Yesu alikataza kusumbuka. Basi tutazame ni nani anayesumbuka. Huku kwetu Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, mbuzi wanachinjwa, ndoa zinafungwa, pombe inanywewa. Januari inaingia na shule. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na cha sita, lakini sare, madaftari, viatu na godoro la bweni havikuondolewa. Anayelala macho wazi usiku wa Januari si yule aliyekuwa anaweka tangu Machi. Aliyeweka kidogo kidogo hana kitu kingi, ila analala. Akiba ya namna hiyo inalitii neno la Yesu, kwa sababu inampunguzia mtu sababu ya kuhangaika, na inampa nafasi ya kuwaza ufalme wa Mungu kuliko kuwaza mdai.

Yesu aliyezungumza juu ya ndege wasiopanda wala wasiovuna ndiye aliyewalisha watu elfu tano. Yohana 6 inasema walipokwisha kushiba aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu, na vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kutoa mkate mwingine kesho yake aliagiza mabaki yakusanywe. Kwangu hilo latosha. Muujiza haukuwapa ruhusa ya kutupa. Kuamini kwamba Mungu atatoa tena kesho kunatudai tuheshimu alichotoa leo.

Sasa tuje kwenye mazoea yenyewe, kwa sababu wengi tunakubali kwa kichwa na hatuanzi. Maandiko yana mstari mmoja wenye utaratibu mzima, nao ni 1 Wakorintho 16:2. Paulo anawaandikia Wakorintho kuhusu mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, waliokuwa maskini. Anawaelekeza kila mmoja, siku ya kwanza ya juma, aweke kitu kando nyumbani kwake kwa kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kuchangishwa wakati yeye ameshafika.

Angalia mambo manne yaliyomo. La kwanza ni siku maalumu. Hakusema mkipata nafasi, alitaja Jumapili, siku ambayo Mkristo tayari anaikumbuka. Tabia inashika haraka ikiambatana na jambo unalolifanya bila kukosa. Ndiyo sababu kikundi chetu hukutana siku ya ibada. Aliyekuja kusali amekwisha kufika, hana nauli nyingine ya kulipa wala kisingizio kingine cha kutoa.

La pili ni kila mtu. Paulo hakuwaandikia matajiri wa Korintho peke yao. Katika vikundi vyetu mtu hununua hisa kuanzia moja hadi tano kila mkutano, na hisa moja huwekwa kiwango ambacho hata aliye chini kabisa anakimudu. Mtu anayeweka shilingi 2,000 kila wiki ana 104,000 mwaka ukiisha. Anayeweka 5,000 ana 260,000. Hizo si fedha za kujenga ghorofa, lakini 104,000 zinamtosha mama kutomwendea mkopeshaji kwa ajili ya sare na madaftari.

La tatu ni kadiri ya kufanikiwa. Mwenye ng'ombe anapata fedha ya maziwa mara kwa mara. Mwenye mkungu wa ndizi anapata siku ya soko. Mwenye kahawa anapata mara chache kwa mwaka, tena kwa mkupuo, na hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu zikija nyingi kwa pamoja kila mtu nyumbani anazionea njaa. Watu watatu hawa hawawezi kuwekewa kiwango kimoja. Mwenye kahawa aweke sana wakati wa malipo na kidogo wakati mwingine. Mwenye maziwa aweke kidogo bila kukosa. Kulazimisha usawa wa kiasi ni kumfukuza aliye maskini na kumwachia huru aliyenacho.

La nne ni kabla. Paulo alijua haraka ya dakika za mwisho. Fedha ikikusanywa mgeni akiwa mlangoni, watu hutoa kwa aibu, au kwa kukopa, au hujificha. Hata nyumbani kanuni ni hiyo. Fedha inapoingia igawanywe siku hiyo hiyo, kabla haijafika dukani. Ya sadaka iingie kwenye bahasha, ya akiba kwenye kibubu, au kwenye simu, au kwa kikundi, na tuishi kwa inayobaki. Anayesubiri kuweka kilichobaki mwisho wa mwezi hukuta hakikubaki kitu, hata kama mshahara umeongezwa.

Naongeza jambo moja ambalo nimelithibitisha kwa kuwaangalia wenzangu. Akiba isiyo na kazi maalumu haikai. Mama akisema anaweka tu, wiki ya tatu anaitoa. Akisema anaweka kwa ajili ya bima ya afya ya mama mkwe wake, au mbuzi wa maziwa, au bati za jikoni, hata shida ndogo ikipiga hodi anajiuliza mara mbili. Kwa hiyo siku ya kufungua mzunguko mpya kila mwanachama hutaja mbele ya wenzake fedha yake inakwenda wapi, nami naandika. Sisi sote tunajua mama fulani anaweka kwa ajili ya nani. Wakati mwingine ni mwenziwe anayemkumbusha, "Mama, lile godoro la mtoto vipi?" Hivyo akiba imeanza kuzungumza na watu, jambo ambalo ghala la yule tajiri halikuwahi kulifanya.

Hapa nafika kwenye swali la nani mwingine anayejua tunachoweka, yaani kwenye funguo. Wakristo husahau kwamba Yesu na wanafunzi wake walikuwa na mfuko wa fedha. Yohana 13 inaonyesha ulitumika kwa mambo mawili, kununua mahitaji ya sikukuu na kuwapa maskini. Hata kundi lililotembea na Mwana wa Mungu liliweka kitu kando. Lakini Yohana 12 inatueleza pia kwamba mshika mfuko alikuwa Yuda, na alikuwa akivichukua vilivyotiwa humo. Mimi kama mhazini nausoma mstari huo kwa uzito mkubwa. Wakristo wengi waliokatishwa tamaa na vikundi walitapeliwa na mtu wa imani, aliyeomba vizuri na kuaminiwa mno. Paulo alikuwa makini zaidi. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba mchango wa Yerusalemu unasindikizwa na ndugu walioteuliwa na makanisa, ili mtu asije akamlaumu, kwa kuwa alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia.

Mwaka 1810 mchungaji mmoja wa Scotland, Henry Duncan wa kijiji cha Ruthwell, aliifanyia kazi busara hiyo. Washarika wake walikuwa vibarua na watumishi wa nyumbani. Benki za wakati ule hazikufungua akaunti kwa mtu mwenye chini ya pauni 10, na kibarua hakuwa na pauni 10 kwa mkupuo. Duncan akafungua benki ya akiba iliyopokea hata peni sita. Sanduku la fedha lilikuwa na kufuli tatu, na halikufunguka mpaka washika funguo wote wawepo. Tangu 1991, mtindo wa vikundi vya wanawake ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger umeenea nchi nyingi za Afrika na kufika kwetu, na sanduku lake nalo lina kufuli tatu. Sanduku letu ni hilo hilo. Linakaa kwa mtu mmoja, funguo zinakaa kwa watu watatu wengine wa familia tofauti, na fedha huhesabiwa kwa sauti kila mkutano ili hata asiyejua kusoma akumbuke kichwani kilichobaki. Serikali nayo, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, inavitaka vikundi kama vyetu visajiliwe, na usajili huo hufanyika kupitia halmashauri. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kutoaminiana. Nawajibu kwamba kumwondolea ndugu yako majaribu ni tendo la upendo. Nami mhazini sina ufunguo hata mmoja, na kwa hilo nina amani.

Kuna jambo la sherehe ambalo haliwezi kupitwa. Huku kwetu kipaimara, ndoa na kumuaga bibi harusi huendeshwa kwa vikao, kadi za michango na kamati, na kadi zikifuatana miezi miwili familia inatikisika. Wengine wanadhani Mkristo mwekevu ni lazima awe adui wa sherehe. Maandiko hayasemi hivyo. Kumbukumbu la Torati 14 linaagiza fungu la kumi la mazao liliwe mbele za Bwana kwa furaha, na kama njia ni ndefu mtu aligeuze kuwa fedha, aende nayo, anunue ng'ombe, kondoo na divai kwa kadiri roho yake itakavyo, afurahi yeye na nyumba yake, bila kumsahau Mlawi. Na kila mwaka wa tatu fungu hilo liwekwe malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba. Mungu ndiye aliyeagiza akiba ya karamu. Kwa hiyo sherehe ni halali, ila iwe imewekewa kabla, na iwe na sahani ya yatima. Kipaimara cha kukopa, ambacho mtoto anaanza shule Januari bila viatu kwa sababu yake, hakimfurahishi Mungu hata kama kwaya nne zimeimba.

Na sadaka je? Wapo watumishi wanaowaambia watu watoe hadi fedha ya ada wakiwaahidi itarudi mara mia. Nasema kwa kuipenda sadaka, kwa sababu natoa na nitaendelea kutoa, kwamba Yesu aliikemea tabia hiyo. Marko 7 inaeleza jinsi watu walivyokiita korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kitu ambacho kingemfaa baba au mama yao, kisha wakajiona wamefunguliwa wasiwatunze wazazi. Yesu aliita huko kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Sadaka na akiba ya kutunza wa nyumbani kwako hazigombani. 1 Timotheo 5 inamwita asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, mtu aliyeikana imani. Bahasha itolewe, na dawa ya mzee inunuliwe, na vyote viwili ni ibada.

Hatari ya upande wa pili ipo pia, nayo huwajia walioshika tabia hii vizuri. Mtu anaanza na hisa moja kwa shida, anazoea, anaongeza, kisha namba kwenye daftari inaanza kuwa tamu kuliko kazi iliyokusudiwa. Jirani akija ana shida anajibiwa kwamba fedha imefungwa. Kwa hilo nampenda John Wesley, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18. Katika mahubiri yake juu ya matumizi ya fedha, yaliyochapwa 1760, aliwafundisha watu kufanya kazi kwa bidii, kubana matumizi, na kisha kutoa kila wanachoweza, na akaonya kwamba mawili ya kwanza bila la tatu ni bure. Katika mahubiri mengine alisimulia habari ya kijana wa Oxford, anayeaminika kuwa ni yeye mwenyewe, aliyekuwa na pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka uliofuata akapata 60, akaendelea kuishi kwa 28, akatoa 32. Alikuwa ameamua mapema kinachomtosha, na uamuzi huo ndio uliomlinda kipato kilipopanda.

Wengi wetu hatujawahi kukaa na kuamua kinachotutosha. Aguri katika Mithali 30 aliomba asipewe umaskini wala utajiri, alishwe chakula kinachomstahili, asije akashiba na kumkana Mungu, au akawa maskini na kuiba. Hiyo ni sala ya mwekaji akiba wa Kikristo. Kikao cha mume na mke kinaweza kuifanya iwe namba: matumizi ya miezi mitatu, gharama ya shule ya mwaka, kiasi cha matibabu. Vikishafika hapo, kinachozidi kipelekwe kwingine. Kiende kwa mtoto wa jirani aliyekosa sare, kwa ujenzi wa kanisa, kwa mtaji wa kijana asiye na kazi. Na hata kabla havijafika hapo, jirani akilala njaa, akiba ivunjwe. Akiba isiyoweza kuvunjwa kwa ajili ya mwenye njaa imekwisha kuoza, hata kama daftari linaonyesha inakua.

Nawaomba wachungaji na wainjilisti walifundishe jambo hili katika darasa la kipaimara, pamoja na amri kumi na sala ya Bwana, kwa sababu vijana wale wataanza kushika fedha kabla hawajashika jambo lingine lolote la watu wazima. Nawaomba wazazi wampe kila mtoto kibubu chake, na mtoto ataje kinawekewa nani.

Nawe msomaji, Jumapili hii ukitoka ibadani, kaa na watu wa nyumbani mwako. Chagueni kazi moja ambayo fedha yenu itaifanya, mtaje jina la mtu itakayemfaa, mkubaliane kiasi mnachokimudu bila kujitesa, na mumtafute mtu mwaminifu wa kuwauliza kila wiki kama mmeweka. Wekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni shilingi elfu moja. Aliyeagiza mana iwekwe kwa ajili ya Sabato hajabadilika, na kinachowekwa kwa ajili ya pumziko la wengine bado anakitunza.